Ticha, nasoma lakini haikai

Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote zinalia kilio kimoja, chuo kimeanza, madesa yamejaa, asainmenti zinapandana, na watu waliokuwa wakali sekondari wameanza kujiuliza kama akili zimeenda likizo. Nimechagua nane. Ndefu nimezikata kidogo, zingine nimeziacha na makosa yake maana makosa ndiyo yenyewe tunayoongelea. Sijazipanga, nimejibu jinsi zilivyokaa mezani.

Swali: Ticha shikamoo. Niko mwaka wa kwanza, sekondari nilikuwa wa kwanza au wa pili kila muhula na wala sikuwa najitesa. Huku chuo nasoma mpaka saa nane usiku, sura moja narudia mara tatu, hailaita mbili zimeshaisha wino, ila nikifunga tu kitabu mtu akiniuliza umesoma nini nabaki natoa macho. Testi ya kwanza nimepata nusu. Nina tatizo la kumbukumbu au chuo si saizi yangu? (Macho Makavu)

Ticha: Marahaba Macho Makavu. Kumbukumbu yako iko salama na saizi ni yako kabisa. Huo ugonjwa naujua maana nimeuugua. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na hendauti moja ya fotokopi, nimeipaka njano kuanzia kichwa cha habari mpaka namba ya ukurasa, jirani yangu darasani akaichukua, akaitazama, akaniuliza sasa hapa muhimu ni kipi, nikamjibu kwa kujiamini kabisa, zote. Alicheka mpaka lekchara akageuka.

Kinachotokea ni hivi. Ukisoma sura mara ya kwanza inakuwa ngumu, mara ya pili inateleza, mara ya tatu inateleza zaidi, na wewe unauchukua ule mtelezo unauita kuelewa. Kumbe ni mazoea tu. Ni kama mtu unayepishana naye kila asubuhi, sura yake unaijua vizuri sana, ila ukiambiwa taja jina lake au mchore huna kitu.

Na hili watu wamelipima. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi matini fupi. Wengine wakasoma halafu wakarudia kusoma, wengine wakasoma halafu wakafunga na kuandika kila walichokumbuka bila kuchungulia. Kwa waliopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walishinda. Kwa waliopimwa baada ya wiki meza ikapinduka, waliofunga na kuandika ndio waliobaki na kitu kichwani. Sasa ona mtego ulipo. Sisi wote huwa tunajipima usiku uleule tuliosoma, na usiku uleule kurudia kunaonekana ndio mpango mzima, ila testi haiji usiku uleule.

Hailaita nayo sitaki kuisema vibaya sana, ina rangi nzuri. Ila John Dunlosky na wenzake mwaka 2013 walipitia mbinu 10 za kujisomea, na kupaka rangi pamoja na kurudia kusoma zikaangukia kundi la manufaa madogo, wakati kujipima na kutawanya usomaji kwenye siku tofauti zikakaa juu kabisa. Yaani mbinu mbili unazozitumia wewe ndizo hizo za chini, na mbili ambazo huzitumii ndizo za juu, kwa hiyo usijilaumu akili, laumu mfumo.

Fanya hivi, na nakuomba usiongeze manjonjo. Soma kipande, kurasa tatu nne, au mpaka kichwa kidogo kinachofuata. Funga. Funga kweli, sio kuweka kidole katikati. Chukua karatasi tupu uandike, kwa maneno ya kawaida kama unamhadithia mdogo wako, huyu mtu anadai nini na anaegemea nini kudai hivyo. Utakwama. Mara ya kwanza utakwama vibaya mpaka utataka kulia, utaandika mistari miwili na ulisoma kurasa nne. Pale ulipokwama ndipo hasa penye kazi, fungua rudi hapo tu, usirudi mwanzo wa sura. Kesho kabla hujagusa sura mpya chukua karatasi nyingine tupu, rudia bila kuangalia ya jana. Wiki ijayo tena. Usiucheleweshe ule mrudio wa kwanza, maana Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana yoyote, alionyesha tangu 1885 kwamba kusahau kunakwenda mbio sana mwanzoni halafu kunapunguza mwendo.

Na pembeni ya ukurasa tumia penseli. Nikuonyeshe. Tuseme kwenye kitabu cha uchumi umekuta hivi: "Bei zinapopanda kwa kasi, watu hukimbilia kununua leo kwa kuhofia kesho, na kukimbilia huko huzidi kuzipandisha bei." Mtu wa hailaita anapaka sentensi yote anasonga mbele. Mtu wa penseli anaandika pembeni: "hofu inazaa kile inachokiogopa". Chini yake anaandika: "mbona wengine hawakimbilii? wasio na hela ya ziada je?" Kisha anaendelea kusoma akiwa na njaa ya jibu. Kurasa mbili mbele mwandishi akijibu, jamaa anatabasamu na kuandika namba ya ukurasa pale kwenye swali, asipojibu ndiyo bora zaidi, kashapata hoja ya asainmenti. Unaona tofauti? Wa kwanza kapaka, wa pili kabishana.

Kuna utaratibu wa zamani ambao Francis Robinson wa Marekani aliutoa mwaka 1946: pitia juujuu, jiulize maswali, soma, sema mwenyewe ulichosoma, halafu pitia tena. Mambo matano. Wengi wetu tunafanya lile la tatu tu tunashangaa mbona haikai.

Na saa nane usiku acha. Lala.

Swali: Habari za kazi Ticha. Kuna kozi ya mtandaoni inasema baada ya wiki mbili ntasoma maneno 1,000 kwa dakika na kuelewa kila kitu. Nina kurasa kama 200 kila wiki. Nilipie? (Mbio)

Ticha: Hapana.

Ngoja nikupe na sababu maana umeuliza kwa adabu. Jicho haliserereki kwenye mstari kama tunavyodhani, linaruka na kutua, linaruka na kutua, kila likitua linakaa kama robo sekunde hivi, na sehemu linayoiona kwa ukali ni ndogo, maneno machache tu. Mwaka 2016 Keith Rayner na wenzake walichapisha uchambuzi mrefu wa tafiti za usomaji na walichokiona ni kwamba kasi na uelewa ni mizani, ukipandisha huku kule kunashuka. Wanaosema wanasoma maneno elfu na zaidi kwa dakika kwa kawaida wanapitia juujuu, na kupitia juujuu si dhambi, ila usikiite kusoma ukalipia.

Marc Brysbaert mwaka 2019 alikusanya tafiti nyingi akapata kwamba mtu mzima anayesoma Kiingereza kimyakimya, maandishi yasiyo ya kubuni, wastani wake ni maneno 238 kwa dakika. Piga hesabu: kurasa 40 zenye maneno 400 kila moja ni maneno 16,000, yaani saa moja na dakika saba hivi, na hapo maandishi ni ya kawaida na lugha unaimudu. Kitabu cha nadharia weka mara mbili, hata tatu. Nakwambia hivi ili ukipanga ratiba usijiwekee "kurasa 40 kabla ya kulala nusu saa" halafu ukashindwa ukajiona mjinga.

Panapookolewa muda ni kwenye kuchagua. Makala ya utafiti hailazimiki kusomwa kuanzia juu kwenda chini kama riwaya. Soma muhtasari, ruka mpaka aya ya mwisho ya utangulizi, mara nyingi ndipo wanaposema wanatafuta nini hasa, halafu nenda hitimisho. Hapo umetumia dakika kumi na unajua kama inakuhusu. Haikuhusu? Weka chini bila kuona haya. Inakuhusu? Sasa ndiyo urudi kwenye mbinu na matokeo na penseli yako, taratibu. Kati ya kurasa zako 200 nina uhakika kuna 60 za kusoma hivyo polepole na zilizobaki za kupitia, kazi yako ni kuzijua zipi, na ukishindwa muulize lekchara mwenyewe, "katika hizi ipi nikiikosa nimekosa mada?" Wengi wanapenda kuulizwa hivyo.

Swali: Shikamoo Ticha. Kila asainmenti lekchara ananiandikia pembeni neno moja, HAIELEWEKI, herufi kubwa na duara jekundu. Nikimfuata anasema soma zaidi. Mimi mbona nikiisoma naielewa? Nakutumia aya yangu ya kwanza, niambie ukweli hata kama unauma. (Duara Jekundu)

Ticha: Marahaba mwanangu. Huyo lekchara wako angeweza kujitahidi maneno mawili matatu zaidi, ila tuiweke aya mezani. Hii hapa kama ulivyoituma:

"Katika ulimwengu wa leo unaokwenda kwa kasi, suala la matumizi ya simu janja miongoni mwa wanafunzi ni suala ambalo limekuwa likizungumziwa na wadau mbalimbali ambapo imeonekana kwamba kuna athari chanya na hasi ambazo zinajitokeza katika suala zima la usomaji, hivyo basi kuna haja ya kuangalia suala hili kwa kina zaidi."

Maneno 50, nimeyahesabu. "Suala" limo mara nne. Wadau mbalimbali ni akina nani? Imeonekana, na nani? Athari chanya ni ipi, hasi ni ipi? Kuna haja ya kuangalia kwa kina, sasa si ndiyo kazi uliyopewa, mbona unaitangaza badala ya kuifanya? Mwanangu, hii aya haina kosa la sarufi la kutisha, ila ukiikamua haitoki hata tone. Na si wewe peke yako, hii ni lugha ya hotuba za ufunguzi, sote tumelelewa nayo, tunaamini ukiandika kama unavyoongea utaonekana hujasoma.

Kwa hiyo nilikupigia. Wasomaji wengine hamkusikia simu ile lakini kwa ruhusa yake nawaeleza. Nikamwambia achana na insha, niambie tu kwa mdomo unataka kusema nini kuhusu simu. Akasema, na niliandika palepale: "Ticha mi naona watu wanasema simu inatupotezea muda sababu tunachati, ila siyo hiyo, shida kila ikilia unaacha kusoma, ukirudi hukumbuki ulipofika unaanza aya upya, saa nzima unakuta umesoma nusu saa."

Umeona? Alikuwa na hoja muda wote! Nzuri tu, tena ya kubishana na watu. Ilikuwa imekaa mdomoni ikaogopa kushuka kwenye karatasi. Tukaiandika pamoja hivi:

"Simu haiharibu usomaji kwa sababu ya muda tunaochati peke yake. Inauharibu zaidi kwa kutukatiza. Kila inapolia mwanafunzi anaacha aya katikati, na akirudi inabidi aianze upya."

Ile nusu saa iko wapi? Nilimuuliza umeipata wapi, akacheka, "nimehisi tu Ticha." Basi tukaitoa. Hisia ni sawa kwenye simu, kwenye asainmenti ama uipime ama uipate kwa mtu aliyeipima ama iondoke. Na kilichobaki nacho kinadai ushahidi, hayo ndiyo ya kujaza kurasa zinazofuata, na sasa anajua atafute nini maktaba, siyo "simu na usomaji" kwa ujumla wake, bali kukatizwa.

Sasa lile swali lako, mbona ukiisoma mwenyewe unaielewa. Ni ugonjwa uleule wa Macho Makavu hapo juu ila umehamia upande wa pili wa karatasi. Unapoisoma kazi yako iliyotoka jikoni sasa hivi husomi kilichoandikwa, unasoma kilichomo kichwani mwako, na kichwani kimekamilika. Lekchara hana kichwa chako. Kwa hiyo ukimaliza rasimu iache, hata usiku mmoja, ukiweza siku mbili. Ukirudi isome kwa sauti, sio kunong'ona, kwa sauti, na kila unapoishiwa pumzi kabla ya nukta weka alama, kila unapojikuta unataka kuongeza "yaani namaanisha" weka alama kubwa zaidi, maana hiyo "yaani" ndiyo sentensi iliyokosekana. Halafu kitu kimoja nakifanyaga mimi mpaka leo, nachukua karatasi nyingine, bila kuangalia rasimu, naandika kila aya inasema nini kwa mstari mmoja. Aya nisiyoweza kuikumbuka inasema nini huwa ndiyo isiyosema kitu.

Aya ya kwanza iandike mwisho. Mwanzoni hata wewe hujui insha inaelekea wapi, ndiyo maana unajaza "ulimwengu wa leo".

Swali: Oyaa Ticha laptopu au daftari? (Bila jina)

Ticha: Oyaa na wewe. Mwaka 2014 utafiti wa Pam Mueller na Daniel Oppenheimer ulisema walioandika noti kwa mkono walijibu vizuri zaidi maswali ya kuelewa, kwa sababu wa laptopu walikuwa wananakili maneno ya lekchara kama mashine. Dunia nzima ikaupokea. Mwaka 2021 wengine wakaurudia, wakakuta kweli wa laptopu wananakili zaidi, ila kwenye maswali hakukuwa na tofauti ya kueleweka. Kwa hiyo tumia unachotaka, ila usiandike kila neno, sikiliza sentensi mpaka iishe halafu andika ulichosikia. Na zima meseji.

Swali: Shikamoo Ticha, watu wanasema ukitaka kuandika vizuri soma sana. Mimi riwaya nasoma kwa kweli, tena nyingi, nikianza naweza nisile. Ila uandishi wangu uko palepale. Kuna zoezi lolote? (Mlaji wa Riwaya)

Ticha: Marahaba. Kusoma sana kunasaidia, ila kuna watu wanatazama mpira miaka 30 na ukiwapa mpira wanaupiga nje ya uwanja.

Zoezi lipo na ni la zamani sana. Benjamin Franklin, yule wa Marekani, alizaliwa 1706, shule aliiacha mapema akawa mwanagenzi kwenye kiwanda cha uchapaji cha kaka yake. Akakutana na gazeti la London lililoitwa Spectator, akapenda jinsi walivyoandika, akataka aweze vile. Alichokifanya ni hiki: anachukua makala moja, kila sentensi anaiandikia kidokezo kifupi tu cha wazo lake. Anaweka kando siku kadhaa mpaka maneno yenyewe yamemtoka. Halafu anachukua vile vidokezo anaijenga makala upya kwa maneno yake, akimaliza analinganisha na ya mwanzo, anaona wapi kakosea, anasahihisha. Kuna wakati alivichanganya vidokezo makusudi, akaviacha wiki kadhaa, halafu akajaribu kuvipanga upya ili ajifunze mpangilio wa mawazo. Aligundua kwamba akiba yake ya maneno ilikuwa ndogo. Ila pia anakiri kuna vijisehemu alijiona amempita mwandishi, na hiyo raha ikamsukuma aendelee.

Jaribu na aya moja, moja tu, ya mtu unayemhusudu. Si riwaya, chukua maandishi ya somo lako, maana kinachokusumbua ni kuandika insha na si kuandika mapenzi. Vidokezo leo, kuandika Jumamosi. Utakapolinganisha usitazame nani katumia maneno makubwa. Tazama alianza na nini wewe ulianza na nini, yeye mfano kauweka kabla ya hoja au baada, sentensi yake fupi kaiweka wapi. Mimi nilipofanya mara ya kwanza niligundua kila aya yangu inaanza na "Pia". Miaka yote ile hakuna aliyeniambia! Sasa hivi neno hilo nikiliona mwanzoni mwa aya naona haya kama nimekutana na mtu ninayedaiwa naye.

Swali: Ticha habari. Nina chatiboti inanifupishia makala na kuninyooshea insha. Rafiki yangu anasema najiua mwenyewe. Kwani kosa liko wapi kama nimeelewa? (Mwana Teknolojia)

Ticha: Kwanza soma kanuni za chuo chako kuhusu hilo, kila chuo kina yake na zinabadilika, usije ukafukuzwa kwa jibu la gazetini.

La pili ni hilo "kama nimeelewa". Umejuaje? Ukisoma muhtasari uliopikwa tayari unateleza kuliko hata kurudia sura mara tatu, kwa hiyo ule mtelezo niliomwambia Macho Makavu wewe umeuletewa mpaka mlangoni. Fanya kinyume: soma makala, funga, andika muhtasari wako hata ukiwa mbovu, ndiyo uilete chatiboti na uiulize nimeacha nini, nimepotosha wapi. Kisha hayo majibu yake nayo uyapeleleze kwenye makala, maana inatunga. Na ikitunga haitetemeki, inakupa jina la mwandishi, mwaka, kurasa, vyote vimenyooka na hakuna hata kimoja kilichopo. Juni 2023 jaji mmoja New York aliwapiga faini ya dola 5,000 mawakili waliopeleka mahakamani kesi zilizotungwa na ChatGPT. Mawakili wenye leseni! Wewe marejeo ambayo hujayafungua kwa mkono wako usiyaweke.

Kunyoosha insha, hmm. Ikikuonyesha herufi iliyokosewa sawa, ni kama kamusi. Ila ikikuandikia sentensi upya, lile duara jekundu litaondoka kwenye karatasi na kubaki kwako, na siku ya mtihani utakuwa wewe na kalamu.

Swali: Shikamoo Ticha. Masomo yetu yote ni kwa lugha ya kigeni. Nasoma na kamusi ya kwenye simu, kila mstari nasimama, ukurasa mmoja nusu saa. Wenzangu wameshamaliza. Na kuandika ndiyo usiseme. (Kamusi Mkononi)

Ticha: Marahaba. Pole, na hongera, maana unafanya kazi mbili kwa wakati mmoja na unajilinganisha na watu wanaofanya moja.

Kamusi inakukata pumzi. Soma aya nzima kwanza bila kuigusa, hata kama umeshika nusu. Piga mstari maneno usiyoyajua, endelea. Ukimaliza ukurasa angalia yapi yamejirudia, neno lililotokea mara tatu ndilo litafute, hilo ni la somo lako na utaishi nalo miaka mitatu. Lililotokea mara moja na aya imeeleweka bila hilo, achana nalo. Anzisha daftari la maneno ya fani yako tu, na usiandike tafsiri peke yake, andika na ile sentensi uliyolikuta, maana neno peke yake linasahaulika kama namba ya simu.

Pembeni ya ukurasa bishana kwa Kiswahili. Nasema kweli, hakuna sheria inayosema penseli yako lazima iongee lugha ya kitabu. Ukiweza kuandika pembeni "huyu anajikanganya, ukurasa wa 12 alisema kinyume", wewe umesoma kuliko aliyemaliza sura kwa lugha safi bila kuona hilo. Na rasimu nayo ianze hivyohivyo, mistari mitano ya Kiswahili cha mtaani, nataka kusema nini, kwa nini, nani anapinga. Ndipo uingie lugha ya mtihani, na ukiingia usitafsiri neno kwa neno, iweke ile mistari pembeni uandike upya sentensi fupifupi. Fupi ni ngumu kukosea. Ukizoea zitarefuka zenyewe.

Swali: TICHA DEDILAINI NI JUMATATU SAA SITA USIKU SIJAANDIKA HATA NENO NIFANYEJE (hakuweka jina, haraka)

Ticha: Barua yako nimeipata Jumanne. Basi tuseme ni kwa ajili ya safari ijayo.

Soma swali la asainmenti mara mbili na ulipige mstari kitenzi chake, "linganisha" si "eleza" na "tathmini" si "taja", alama nyingi zinapotea hapo kabla mtu hajashika kalamu. Kisha tega saa dakika 10 uandike bila kusimama, bila kufuta, bila kurudi nyuma, ukikosa la kusema andika "sina la kusema" mpaka lije, Peter Elbow aliwafundisha hivyo wanafunzi wa Marekani miaka ya 1970 na mimi limeniokoa mara nyingi kuliko napenda kukiri. Katika huo ujinga wote wa dakika kumi tafuta sentensi moja ambayo mtu anaweza kuipinga. Moja tu. Ndiyo insha yako hiyo. Chini yake weka sababu mbili tatu, kila sababu na ushahidi unaoweza kuufungua sasa hivi, sio wa kukumbuka. Anza kuandika na sababu unayoijua zaidi, hata kama ni ya tatu. Bakisha saa moja ya mwisho uisome kwa sauti, hata kama mwenzako chumbani amelala, atakusamehe.

Halafu niandikie, hiyo ya Jumatatu ulipeleka nini?